London hadi Johannesburg: njia iliyopita Tabora na Entebbe

Abiria anapanda ndege London jioni, anapitiwa na usingizi angani, asubuhi anashuka Johannesburg. Ni kilometa 9,070 hivi kwa mstari ulionyooka, kama saa 11 za safari.

Mwaka 1920 kuvuka Afrika kwa ndege kulikuwa ni bahati nasibu. Pierre van Ryneveld na Quintin Brand waliondoka Uingereza 4 Februari wakielekea Cape Town, wakafika 20 Machi. Ndege mbili ziliwavunjikia njiani. Waliyofika nayo ni ya tatu. Wapinzani wao, waliofadhiliwa na gazeti la The Times, waliishia Tabora: ndege yao ilianguka ikijaribu kupaa. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na joto likipanda huzidi kuwa nyepesi, basi injini za enzi zile zilikuwa zikihangaika kweli.

Kufikia 1932 Imperial Airways ilikuwa ikibeba abiria kutoka London hadi Cape Town kwa siku 11, ikitua Nairobi, Moshi, Dodoma, Mbeya na kwingineko. Usiku watu walilala hotelini. Na kichekesho ni kwamba kipande cha Paris hadi Italia kusini walikipita kwa treni, tiketi ya ndege mfukoni!

Kisha ikaja Comet. Tarehe 2 Mei 1952 ndege hiyo ya Uingereza ilianza safari ya kwanza ya biashara ya ndege ya jeti duniani, ikiwa na abiria 36. Ilitua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, ikafika Johannesburg kabla saa 24 hazijatimia. Kasi ilikuwa nayo; kilichoipungukia ni tangi. Kila kituo kilikuwa ni cha kujaza mafuta, na kuzunguka vituo hivyo kulirefusha njia hadi karibu kilometa 10,800. Entebbe ilikuwa na kiwanja kipya, na miezi mitatu kabla yake Elizabeth wa Uingereza, aliyepata habari za kifo cha baba yake akiwa Kenya, alikuwa amepandia hapo kurudi kwao akiwa malkia.

Comet ileile ya safari ya kwanza ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, 10 Januari 1954. Watu 35 walikufa. Bodi lilikuwa limechoka kwa kujazwa hewa na kupunguzwa, safari baada ya safari.

Halafu siasa nayo ikairefusha ramani. Kuanzia 1963, nchi nyingi za Afrika zilipolifungia anga shirika la ndege la Afrika Kusini ya makaburu kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, ndege zake zililazimika kulizunguka bara upande wa Atlantiki, na kwa miaka mingi zilijazia mafuta kisiwani Sal, Cape Verde. Ubaguzi huo ulipoanza kuvunjwa, mwaka 1991, anga likafunguliwa.

Siku hizi njia fupi hupita magharibi zaidi, juu ya Sahara na misitu ya Kongo. Entebbe haiko njiani tena.