Kukanda, kuchua au kugusa?

Tumbaku ya Kaliua huvunwa jani kwa jani, kuanzia chini ya mche. Mvunaji huinama tangu alfajiri. Jioni anaponyanyuka, ameshika kiuno. "Nikande mgongo," humwambia mtu wa nyumbani. Ombi hilo linanikumbusha tiba isiyokanda, ile ya kugusa misuli taratibu ili maumivu yapungue na viungo vipate wepesi. Tuiiteje?

Vitenzi tunavyo. Kukanda ni kubonyeza kwa nguvu, kama unga wa chapati. Pia ni kubandika kitambaa cha maji moto penye maumivu. Kuchua ni kusugua kwa dawa au mafuta, na timu za mpira zina wachua misuli wao. Kusinga ni kumpaka bibi harusi wa pwani mafuta na manukato, ngozi ing'ae. Hakuna hata kimoja kinachotosha.

Chukua mbinu ya Tom Bowen, Mwaustralia wa Geelong aliyefariki 1982. Kidole gumba husogeza ngozi juu ya msuli kwa wepesi, kisha mtoa tiba hungoja dakika chache kabla ya kugusa tena. Ushahidi wa kisayansi wa mbinu hiyo bado ni mdogo. Hata hivyo, ngozi yenye vinyweleo ina neva zinazoitikia zaidi mguso wa polepole, wa sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde, na mguso huo hutuliza.

Napendekeza *tiba ya mguso*, kwa mfano wa *tiba ya mionzi*, iliyokwisha kuzoeleka hospitalini. Kupapasa hakufai: ni kwa atafutaye kitu gizani, na mgonjwa anaweza kulichukulia neno hilo vibaya.

Unyamwezi, iliko Kaliua, ilikuwa nchi ya wapagazi, waliopita na pembe za ndovu kuelekea Bagamoyo. Jina lao limetokana na kupagaa, yaani kubeba begani. Mzigo wa bega ulipata jina. Nafuu ya bega nayo inastahili lake.

Tena jina hili lina kazi. Anayeambiwa "utakandwa" hujikaza, na msuli uliokazwa hauachii. Mwambie "nitakugusa tu", atalegea. Ila mguu uliovimba ghafla, ganzi, au mfupa unaodhaniwa umevunjika, usiguse wala kukanda: mpeleke mgonjwa kituo cha afya kwanza.