Nambari ya Hati na Historia ya Diani

Anayetafuta ploti kusini mwa Pwani ya Kenya hushukia Ukunda. Pale kwenye njia panda ya kwenda baharini hapakosi dalali, na lugha yake ni fupi: "ya ufuoni", "ya mstari wa pili", "hamsini kwa mia", "hati iko tayari". Wakifika barabara ya ufuo, mteja huambiwa achague. Kushoto ni upande wa mto Mwachema na Msikiti wa Kongo, uliosimama karne nyingi kati ya mibuyu. Kulia ni Galu na Kinondo. Mnunuzi hutazama mchanga, hutazama bahari, akaridhika. Kumbe cha kutazamwa kwanza ni nambari ya hati.

Kwale/Diani Beach Block. Kwale/Galu Kinondo. Kwale/Ukunda. Kwale/Diani S.S. Kwale/Tiwi Beach Block. Majina haya yanafanana machoni, lakini kila moja lina asili yake: nani alipima, ardhi iligawanywa kwa utaratibu gani, na nani alikuwa akiilima kabla bikoni hazijapigwa. Anayechagua mtaa huku huchagua na historia yake, ajue asijue.

Historia hiyo inaanzia msituni. Wadigo, mojawapo ya jamii tisa za Wamijikenda, waliishi ndani ya kaya, vijiji vilivyojificha katikati ya misitu minene. Kaya Kinondo ingalipo, hatua chache kutoka ufuoni, na mgeni haingii mpaka ajifunge kaniki. Mwaka 2008 UNESCO iliitia kaya hiyo, pamoja na nyingine za Wamijikenda, katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kaya Diani nayo ipo, lakini imebanwa na majengo pande zote.

Watu walipotoka kayani na kutawanyika, shamba lilikuwa la aliyefyeka na mnazi ulikuwa wa aliyeupanda. Mambo hayo mawili hayakulazimika kwenda pamoja. Mtu aliweza kuuza minazi yake au kuiweka rehani huku udongo ukibaki kwa mwingine. Urithi nao ulifuata fuko, yaani ukoo wa upande wa mama: mpwa alimrithi mjomba wake. Uislamu ulipoenea, watoto wakaanza kudai fungu lao kwa baba kwa mujibu wa sharia, na mvutano kati ya mila na sharia ukaingia mabarazani na mahakamani katika karne ya 20. Jambo hili si la makumbusho. Kwa ardhi ya familia, mnunuzi anaweza kuletewa saini za ndugu watatu wa kiume, pesa zikaliwa, kisha shangazi akatokea na haki yake kamili.

Sheria ya kigeni ilikuja kwa njia ya Zanzibar. Mwaka 1895 Uingereza ilianza kuutawala ukanda wa maili kumi wa Pwani kwa makubaliano na Sultani, ambaye mamlaka yake hayakukubaliwa na wote. Hapo Gazi, kati ya Diani na Msambweni, Sheikh Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui alipigana na Waingereza mpaka mwaka 1896, aliposhindwa na kukimbilia upande wa Wajerumani. Miaka 12 tu baadaye, mwaka 1908, ikatungwa sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya ukanda huo. Kila mwenye ardhi alitakiwa apeleke madai yake kwa msajili. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya Taji la Uingereza.

Sheria hiyo ilimfaa mwenye karatasi, wakili na shamba lenye mipaka iliyonyooka. Mkulima wa Kidigo alikuwa na minazi, makaburi ya wazee na ushahidi wa majirani. Hapo ndipo alipozaliwa "skwota" wa Pwani: mtu aliyezaliwa mahali, babake akazikwa hapo hapo, na bado akahesabiwa mvamizi. Uhuru ulipokaribia, mwaka 1963, makubaliano ya Kenya na Zanzibar kuhusu ukanda huo yaliahidi kwamba hati zilizokwisha kusajiliwa zitaendelea kuheshimiwa. Karatasi ikavuka bendera mbili bila kuguswa.

Bahari yenyewe ilipata bei polepole. Feri ya Likoni ilianza mwaka 1937, na mahoteli ya mwanzo kama Jadini, Two Fishes na Trade Winds yaliwapokea walowezi wa bara waliokuja kupumzika. Miaka ya 1970 ikaleta ndege za watalii kutoka Ujerumani na Uswisi, na ufuo ambao zamani ulikuwa mahali pa kuanika nyavu ukawa dhahabu. Wakati huo huo serikali ilikuwa ikipima na kusajili mashamba. Mpango wa makazi, ile "S.S." ya kwenye hati, ulikusudiwa wasio na ardhi. Tume ya Ndung'u, iliyochunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma na kutoa ripoti yake mwaka 2004, ilionyesha jinsi ardhi ya mipango ya namna hiyo nchini ilivyoangukia mikononi mwa maofisa na watu wenye jamaa serikalini. Ndiyo maana hati halisi, yenye mhuri halisi, inaweza kuwa imezaliwa katika dhuluma.

Kwa miaka mingi mnunuzi alijikinga kwa kusema alinunua kwa nia njema. Kinga hiyo imepungua sana. Tarehe 21 Aprili 2023, Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Ploti ilikuwa ufuoni Nyali, na wa kwanza kugawiwa alikuwa Rais Moi, mwaka 1989. Mahakama ilisema pale palikuwa uwanja wa umma, ugawaji haukufuata sheria, na kwa hiyo hati iliyotokana nao haikumlinda hata aliyeinunua baadaye. Hukumu hiyo inapaswa kusomwa na kila anayetamani ploti ya ufuoni kuanzia Tiwi hadi Msambweni.

Mgeni ana kikwazo chake. Tangu Katiba ya 2010, asiye raia hawezi kumiliki ardhi zaidi ya kukodi kwa miaka 99, na hati za milele walizokuwa nazo wageni ziligeuka kuwa za muda huo.

Tena thamani ya mtaa hupanda na kushuka. Agosti 1997 wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, vurugu zikafika Ukunda na Diani, wapangaji kutoka bara wakakimbia na watalii wakatoweka. Kusini zaidi, familia za Nguluku na Maumba zilihamishwa kupisha mgodi wa titani ulioanza uzalishaji mwaka 2013. Mgodi huo ulifungwa mwishoni mwa 2024. Sasa barabara ya Dongo Kundu inamfikisha mtu Kwale bila kupanda feri, na Tiwi na Msambweni, zilizodharauliwa kwa umbali, zinatafutwa.

Kuna mipaka miwili ambayo haimo kwenye ramani ya dalali. Wa kwanza ni wa mbega, kima weusi wenye mashavu meupe, ambao msitu wao wa ufuoni ulikatwa ploti baada ya ploti mpaka wakawekewa ngazi za kamba juu ya barabara ili wavuke. Wa pili ni wa wavuvi. Mwaepe, Mvuleni, Mwanyaza, Mkunguni: haya ni madiko, mahali ngalawa zinapopandishwa na samaki kupimwa. Katiba inasema eneo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni la umma. Lakini ufuo wa umma usio na njia ya kuufikia haumfai mvuvi mwenye dema begani.

Kwa hiyo mnunuzi asikimbilie kulipa arubuni. Aende kwanza kwenye masjala ya ardhi Kwale, aifuate nambari nyuma mpaka kwa mmiliki wa kwanza. Kisha arudi kijijini, awaulize wazee ni nani amezikwa pale, minazi ni ya nani, na njia ya kwenda dikoni inapita wapi. Akiikuta njia hiyo ndani ya ploti yake, asiizibe.