Tovuti ya kwanza kwenye Google si lazima iwe ya kweli

Je, uko Kigali na unatafuta habari za makazi mapya katika nchi ya tatu kwa simu yako? Fahamu kwanza jinsi Google inavyopanga majibu.

Tangu Larry Page na Sergey Brin walipoianzisha mwaka 1998, Google huhesabu kiungo, yaani linki, kutoka tovuti moja kwenda nyingine kama kura. Kura ya tovuti inayoaminika ina uzito zaidi. Siku hizi hupima mambo mengine mengi pia, lakini viungo bado vina nafasi.

Google inakataza kununua viungo ili kupanda juu, lakini wapo wanaofanya hivyo. Majibu yenye alama ya tangazo nayo yamelipiwa.

Kabla ya kujaza fomu yoyote:

- Soma anwani. Tovuti za Serikali ya Rwanda huishia na .gov.rw.
- Kwa habari za UNHCR, andika mwenyewe: help.unhcr.org/rwanda.
- Usilipe. Huduma zote za UNHCR, pamoja na makazi mapya, ni bure.

Kama chama chenu kina tovuti, wekeni humo kiungo cha ukurasa rasmi. Hiyo nayo ni kura.