Makaburi ya nguzo ya Ras Mkumbuu

Makaburi ya nguzo ya Ras Mkumbuu ni makaburi ya kale ya Waislamu yaliyopo karibu na ncha ya Ras Mkumbuu, rasi ndefu na nyembamba upande wa magharibi wa mji wa Chake Chake, kisiwani Pemba, Tanzania. Yamo katika magofu ya mji wa Waswahili, pamoja na msikiti mkubwa na mabaki ya nyumba za mawe. Mahali hapo huitwa pia magofu ya Ndagoni, kwa jina la kijiji cha jirani.

Historia

Msafiri na mwandishi Mwarabu al-Masudi, mzaliwa wa Baghdad, aliandika habari za kisiwa cha Qanbalu, ambacho alikifikia mara ya mwisho mwaka 304 wa Hijria (916 BK). Alieleza kuwa wakazi wake walikuwa Waislamu waliochanganyika na Wazanji. Wataalamu wengi huona kwamba Qanbalu ni Pemba, na baadhi yao huutaja mji wa Ras Mkumbuu. Hoja hiyo haijafungwa.

Mwanaakiolojia James Kirkman, anayejulikana zaidi kwa kazi yake Gede nchini Kenya, alichimba hapa katika miaka ya 1950. Katika miaka ya 1980 Mark Horton alichimba tena, na chini ya msikiti wa mawe yakaonekana mabaki ya msikiti wa zamani zaidi. Nguzo za makaburi ni za baadaye. Kwa kawaida huwekwa katika karne ya 14 na zinazofuata.

Ujenzi wa makaburi

Msomaji aliyeona picha za Petra huko Yordani, ambako makaburi yalichongwa ndani ya majabali, asitarajie kitu kama hicho. Pwani ya Waswahili haina majabali ya namna hiyo, ina matumbawe. Kaburi la nguzo hujengwa: maiti huzikwa ardhini kama Waislamu wote, kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea Kibla, ambacho kwa Pemba kiko upande wa kaskazini. Juu ya ardhi huzungushiwa ukuta mfupi wa mawe ya matumbawe, na kutoka ukuta huo huinuka nguzo. Chokaa ya kuunganishia ilipatikana kwa kuchoma matumbawe hayohayo juu ya magogo. Kwa sehemu zenye nakshi, kama mihrabu ya msikiti, mafundi walipenda tumbawe laini lililokatwa baharini. Likiwa bado na maji huchongeka kwa urahisi, likikauka huwa gumu.

Makaburi ya aina hii yapo pia Kaole karibu na Bagamoyo, Kunduchi mjini Dar es Salaam, Malindi, Mambrui na Gede. Ni sanaa ya pwani hii, wala hayakuletwa tayari kutoka Uarabuni, ingawa wageni bado huambiwa hivyo mara kwa mara.

Kauri na tarehe

Makaburi mengi ya nguzo hayana maandishi. Gede lipo moja lenye mwaka uliochongwa, 802 wa Hijria (1399 BK), lakini hilo ni la nadra. Kwa mengine, ushahidi mkubwa wa umri ni bakuli na sahani za kauri, hasa za China, zilizopachikwa kwenye chokaa ikiwa mbichi. Aina ya kauri hujulikana ilitengenezwa wakati gani, hivyo kaburi haliwezi kuwa la kabla ya wakati huo. Bakuli linapobanduliwa hubaki shimo la mviringo, na kaburi hupoteza tarehe yake. Katika pwani nzima bakuli nyingi zimekwisha kung'olewa, na kwa kaburi lililoporwa hakuna njia ya kurudisha ushahidi huo.

Vigae vilivyotapakaa chini navyo ni hivyohivyo. Kigae kilichookotwa na mgeni na kuwekwa mfukoni hakimwambii mtu yeyote kitu tena, kwa sababu maana yake ilitokana na mahali kilipolala.

Kutembelea

Wageni wengi huanzia Chake Chake. Kwa anayefikia mjini, kwa mfano shehia ya Tibirinzi, ni vyema apite kwanza Makumbusho ya Pemba, yaliyomo katika mabaki ya ngome ya zamani ambayo sehemu yake kubwa ilibomolewa kupisha hospitali. Akitoka hapo atayaelewa magofu vizuri zaidi.

Njia rahisi ni ya bahari. Mashua hukodiwa, na watu wengi huunganisha safari hiyo na kisiwa cha Misali. Saa ya kuondoka hupangwa na nahodha kwa kufuata maji: yakipwa, hasa wakati wa bamvua, mgeni anaweza kulazimika kushuka mbali na kutembea kwenye matope. Njia ya nchi kavu hupitia Ndagoni na humalizikia kwa miguu. Achukue maji ya kunywa na viatu madhubuti.

Haya ni makaburi ya Waislamu katika kisiwa cha Waislamu. Mgeni avae nguo za kufunika mabega na magoti, asikae wala kupanda juu ya kuta, na asiegemee nguzo kwa ajili ya picha. Chokaa ya miaka mia sita haistahimili uzito wa mtu.

Asiyeweza safari ya mashua anaweza kwenda kwa gari hadi magofu ya Chwaka, karibu na Tumbe, kaskazini mwa kisiwa. Huko lipo kaburi la Haruni, ambaye kwa masimulizi ya Wapemba alikuwa mtoto wa Mkama Ndume, mtawala wa Pujini.