Jiwe la Chapa la Solnhofen na Ndege Mwenye Meno

Kusini mwa Ujerumani, katika bonde la mto Altmühl jimboni Bavaria, kuna kijiji kiitwacho Solnhofen ambacho riziki yake imetoka tangu zamani katika jiwe la chokaa lililolala matabaka kwa matabaka, jembamba, lenye chembe laini mno. Nalo lilikuwa jiwe la sakafu na la kuezekea tu hadi karibu na mwaka 1796, pale Alois Senefelder, mtunzi wa michezo ya kuigiza wa München aliyelemewa na gharama ya kuchapisha tungo zake, alipotambua kwamba likichorwa kwa kitu chenye mafuta na kuloweshwa maji, wino hushika palipo mafuta na kukataa palipo maji. Tangu hapo wapiga chapa wa Ulaya wakalitamani jiwe hilo kwa ramani, picha na muziki, na machimbo yakatanuka.

Jiwe la chapa halistahimili ila. Kwa hiyo mchimbaji alipasua mabamba kwa nyundo na patasi, moja baada ya moja, akitazama uso wa kila bamba. Na mfupa wa samaki au bawa la kereng'ende, vilivyoliharibu jiwe kwa mpiga chapa, viliuzwa kwa mabwana wapendao vitu vya ajabu. Viumbe hivyo vilikuwa vimezama, yapata miaka milioni 150 iliyopita, katika mahori ya bahari ya joto ambayo maji yake ya chini, mazito kwa chumvi na yasiyo na hewa, hayakuwa na wa kuutafuna mzoga wala kuuvurugavuruga.

Mwaka 1861 Hermann von Meyer alieleza unyoya mmoja uliotoka katika machimbo hayo, akaupa jina Archaeopteryx lithographica, na mwaka huo huo ikasikika habari ya kiwiliwili kizima chenye manyoya, kilichomfikia Karl Häberlein, tabibu wa Pappenheim, ambaye aghalabu wachimbaji walimlipa uganga wake kwa visukuku. Charles Darwin alikuwa ametoa kitabu chake cha nadharia ya mageuko ya viumbe mwaka 1859, na ndani yake amekiri waziwazi kwamba kukosekana kwa maumbile ya mpito katika miamba ni hoja nzito dhidi yake. Andreas Wagner wa München, kabla hata ya kukiona kiumbe chenyewe kwa macho, alikiita mjusi na kuwatahadharisha watu wasije wafuasi wa Darwin wakakifanya ushahidi. Richard Owen wa London, ambaye naye hakuwa rafiki wa Darwin, akahimiza kinunuliwe pamoja na visukuku vinginevyo kwa pauni 700, na mwaka 1863 akatangaza kwamba ni ndege. Mahasimu wawili wa fikra moja wakakigawana kiumbe kimoja, huyu akishika mkia na yule akishika manyoya. Nami naona hakuna aliyemtetea Darwin vizuri kuliko wao.

Maana mkia ule ni mrefu wenye pingili za mfupa, kama wa mjusi. Mkono una vidole vitatu vyenye kucha. Na taya, kama kilivyodhihirisha kiwiliwili cha pili kilichopatikana karibu na Eichstätt katika miaka ya 1870, ina meno. Hicho cha pili yasemekana mwenye shamba alikitoa kwa badali ya ng'ombe mmoja, na baadaye fedha za Werner von Siemens, mark 20,000, zikakifikisha Berlin, katika jumba lile lile lililopokea mifupa ya dinosaria wa Tendaguru, huko Lindi, iliyochimbwa kati ya 1909 na 1913 chini ya usimamizi wa Boheti bin Amrani na kuteremshwa pwani vichwani mwa wapagazi.

Mwaka 1909 ndio pia Wilhelm Johannsen wa Denmark alipoitenga fenotipu na jenotipu. Alikuwa amepanda maharage ya ukoo mmoja safi, makubwa kwa madogo, akaona uzao wa yote una wastani ule ule: basi lile lionekanalo, yaani umbo, kimo, rangi na hata mwenendo, ambalo ndilo fenotipu, hutokana na urithi pamoja na hali ya maisha, wala si urithi wenyewe, ambao ndio jenotipu. Jiwe la Solnhofen halikuhifadhi urithi wa kiumbe. Limetuachia dhahiri yake tu, na umbile la mpito hutambulikana kwa dhahiri hiyo, sifa za kale na sifa mpya zikiwa katika mwili mmoja. Wala si lazima awe nyanya wa ndege wa leo. Aweza kuwa shangazi, na ushahidi wake usipungue.

Jinsi dhahiri hiyo inavyomtegemea mtazamaji inaonekana Haarlem, Uholanzi, katika jumba la Teyler. Huko kulikuwa na bamba ambalo Meyer yule yule alilieleza mwaka 1857 kuwa ni la mjusi arukaye, kwani alama za manyoya zilikuwa hafifu mno. Mwaka 1970 John Ostrom wa Marekani, aliyekwenda kuchunguza mijusi hao, alilielekeza bamba kwenye mwanga wa dirishani, manyoya yakajitokeza, akatangaza kuwa ni Archaeopteryx. Na kiwiliwili kingine cha Eichstätt, kilichopatikana 1951, kilichokwisha kuhesabiwa dinosaria mdogo aitwaye Compsognathus, nacho kikatambuliwa katika miaka ya 1970. Hata hivyo mwaka 2017 wataalamu wawili wa Ujerumani waliliangalia upya bamba la Haarlem, wakalitoa katika jina hilo na kuliita Ostromia, jamaa wa karibu wa dinosaria wenye manyoya waliochimbwa Uchina.