Patografu na tafakuri tunduizi katika ukunga

Patografu ni karatasi ya miraba na mistari ambamo mkunga huchora mwendo wa uchungu wa uzazi: hali ya mama, hali ya mtoto aliye tumboni, na kasi ya kufunguka kwa mlango wa kizazi. Ni mojawapo ya viwango vya taaluma vinavyojulikana sana katika wodi za wazazi barani Afrika. Ni mahali pia ambapo tofauti kati ya kutimiza kiwango na kufikiri huonekana waziwazi, maana karatasi hiyohiyo inaweza kujazwa bila dosari na mtu ambaye hakuitazama. Tafakuri tunduizi katika uuguzi na ukunga ni ile tabia ya kuhoji alama kabla ya kuifanyia uamuzi: imetokana na nini, inapingana na nini, na nani ataumia nikikosea.

Asili yake

Mwaka 1954 daktari Emanuel Friedman wa New York alichapisha mchoro unaolinganisha sentimita za kufunguka kwa mlango wa kizazi (wakunga huuita njia) na saa zinazopita, baada ya kuwafuatilia wanawake 100 waliokuwa wakizaa kwa mara ya kwanza. Mchoro huo ulieleza uchungu unavyokwenda. Haukumwambia mkunga afanye nini.

Walioufanya uwe chombo cha uamuzi ni R. H. Philpott na W. M. Castle, waliofanya kazi Salisbury, mji ambao leo ni Harare, Zimbabwe. Huko wakunga ndio waliobeba zahanati za pembeni, madaktari walikuwa wachache na walikaa hospitali kuu, na mama mwenye uzazi pingamizi aliweza kufika akiwa amechelewa mno. Mwaka 1972 wawili hao walitoa mistari miwili. Mstari wa tahadhari hupanda sentimita 1 kwa saa, kasi waliyoipata kwa wale asilimia 10 waliokwenda polepole kuliko wenzao miongoni mwa wazazi wa mara ya kwanza. Mstari wa hatua uko saa 4 kulia kwake. Saa hizo 4 hazikutolewa kwenye mwili wa mwanamke. Ni muda wa kutafuta gari, kumsafirisha mama na kuanza matibabu, kwa hiyo ndani ya mchoro wa kitabibu mna barabara na umbali wa mahali fulani. Jambo hili husahaulika upesi pale karatasi inapobandikwa ukutani kama amri.

Baada ya mkutano wa uzazi salama uliofanyika Nairobi mwaka 1987, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilisambaza patografu ya namna hiyo. Jaribio lake katika Asia ya Kusini-Mashariki, lililochapishwa mwaka 1994 na kuhusisha wanawake 35,484, lilionyesha uchungu wa muda mrefu ukishuka kutoka asilimia 6.4 hadi 3.4, na matumizi ya dripu ya kuongeza uchungu kutoka asilimia 20.7 hadi 9.1. Ajabu yake ni hiyo ya pili: mistari iliwapa wahudumu sababu ya kusubiri, si ya kuharakisha tu.

Alama moja, majibu mawili

Katika patografu, njia huwekewa alama ya X na kushuka kwa kichwa cha mtoto alama ya O. Mapigo ya moyo wa mtoto husikilizwa kila nusu saa. Rangi ya maji ya uzazi na kupandana kwa mifupa ya kichwa huandikwa chini yake. Uchungu huhesabiwa ndani ya dakika 10, na miraba yake hutiwa nukta ukiwa chini ya sekunde 20, mistari ukiwa kati ya 20 na 40, au hujazwa kabisa ukizidi 40. Kwa kawaida njia hupimwa tena baada ya saa 4.

Tuseme mama amepimwa saa 2 asubuhi, njia ni sentimita 4. Saa 6 mchana amefika 6, ilhali mstari ulitarajia 8. X yake imevuka tahadhari, imebakiza saa 2 kugusa mstari wa hatua. Karatasi imeshasema yote inayoweza kusema kwa alama hiyo.

Mkunga sasa anashuka kwenye miraba ya chini. Akikuta uchungu mara 2 tu katika dakika 10, tena wa nukta, na kichwa kinashuka, huenda mfuko wa uzazi umelegea au kibofu kimejaa. Mama akojoe, anywe, ainuke atembee, na dripu ya oksitosini ijadiliwe mahali penye daktari. Lakini akikuta uchungu mara 4 wenye miraba iliyojaa, kichwa kingali juu na mifupa yake imepandana sana, kuna kitu kimemzuia mtoto kupita. Dripu ileile hapo inaweza kupasua mfuko wa uzazi, hasa kwa mama aliyekwisha kuzaa mara kadhaa. Zahanati inapaswa kuita gari la rufaa papo hapo, bila kungoja mstari wa hatua. X ni moja, saa ni ileile, na dawa inayomwokoa huyu inamuua yule.

Mwaka 2006 Christine Tanner, mwanazuoni wa uuguzi wa Marekani, aliugawa uamuzi wa namna hii katika kuona, kufasiri, kutenda na kutafakari. Mgawanyo huo unafaa darasani. Ndani ya leba yenye kelele mambo hayo manne huja kwa pamoja, na anayeanza kazi hukwama katika la pili.

Karatasi iliyojazwa baadaye

Uuguzi una kanuni za maadili za kimataifa tangu mwaka 1953, zilizotolewa na Baraza la Kimataifa la Wauguzi. Tanzania inaisimamia taaluma hii kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Kenya kwa sheria yake ya wauguzi, Sura ya 257. Kutunza kumbukumbu sahihi ni wajibu, na wanafunzi hufundishwa kwamba kisichoandikwa hakikufanyika.

Patografu imeonyesha upande wa pili wa fundisho hilo: kilichoandikwa nacho huenda hakikufanyika. Katika nchi kadhaa za Afrika watafiti wamekuta karatasi zilizojazwa baada ya mtoto kuzaliwa, X zikipanda sambamba na mstari kana kwamba zimepigwa kwa rula. Si uvivu peke yake. Mkunga mmoja aliye zamu ya usiku na akina mama wengi huchagua mikono yake iende wapi, na ukaguzi unaohesabu fomu zilizokamilika humzawadia aliyeandika vizuri. Mapitio ya tafiti ya mtandao wa Cochrane nayo hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba patografu, peke yake, huboresha matokeo ya uzazi.

Mstari kuondolewa

Mwaka 2018 utafiti wa wanawake 5,606 nchini Nigeria na Uganda ulionyesha kwamba wengi waliojifungua salama walikwenda polepole kuliko sentimita 1 kwa saa, hasa kabla ya kufika sentimita 5. Mwaka huohuo WHO ilisema kasi hiyo isitumike tena kupimia uchungu wa kawaida, na mwaka 2020 ikatoa karatasi mpya, Mwongozo wa Huduma Wakati wa Uchungu. Huanza sentimita 5 na hauna mstari wa mshazari. Kila sentimita ina kikomo chake: saa 6 kwenye 5, saa 5 kwenye 6, saa 3 kwenye 7, saa 2 na nusu kwenye 8, saa 2 kwenye 9.

Karatasi hiyo inauliza pia kama mama ana mtu wa kumsindikiza, kama amepewa cha kunywa, na amekaa au kulala vipi. Chini kabisa kuna safu mbili ambazo patografu ya zamani haikuwa nazo, tathmini na mpango, na mkunga huandika ndani yake kwa maneno yake mwenyewe anadhani kinaendelea nini na ameamua nini pamoja na mama, kisha hutia herufi za mwanzo za jina lake.