Vita vya Usafi Katika Nchi Kavu

Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, Serikali ilitangaza vita juu ya maadui watatu: umaskini, ujinga na maradhi. Vita hivyo vilipiganwa kotekote, lakini si kwa silaha zilizo sawa. Katika Garissa, Wajir na Mandera, miaka ya kwanza ya uhuru ilikuwa miaka ya vita vya Shifta, vilivyokwisha mwaka 1967. Tena Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965 ulielekeza fedha za maendeleo kwanza katika sehemu zenye rutuba na mvua ya kutosha. Sisi wa nchi kavu tulingoja. Basi atakaye kuzisoma hesabu za vyoo vya sehemu zetu, na aanzie hapo.

Mwezi wa Mei 2011, Wizara ya Afya ya Umma ilianzisha kampeni ya taifa zima ya kukomesha haja ya vichakani katika vijiji vyote kufikia mwaka 2013. Njia iliyofuatwa ilianzishwa na Kamal Kar huko Bangladesh, ikaletwa Kenya mwaka 2007. Njia hiyo haigawi saruji wala mabati. Wanakijiji hukutana barazani, wakachora ramani ya kijiji chao mchangani, wakaonyesha mahali wanapokwenda haja, kisha wakaifuata safari ya nzi kutoka kwenye kinyesi hata kwenye sahani. Wakiisha kuona hayo, huamua wenyewe kuchimba vyoo.

Njia hii iliwafaa wakulima wenye makao ya kudumu. Kwetu ilikutana na mambo matatu. Kwanza, mfugaji huhama kufuata mvua na malisho, naye hawezi kuhama na shimo. Pili, katika sehemu nyingi za Garissa ardhi ni mchanga mtupu: shimo lisilojengwa kuta huporomoka, na kuta hutaka saruji na fedha. Tatu, mjini Wajir maji ya visima yako karibu mno na uso wa ardhi, hata choo cha shimo huchafua kisima. Kwa sababu hiyo wenyeji walitumia vyoo vya ndoo kwa miaka mingi. Haifai kusema kwamba watu walikikataa choo. Mara nyingi ardhi ndiyo iliyokikataa.

Wala usafi si somo geni kwa watu wanaotia udhu kabla ya kila sala. Wajenzi walihitaji kujua tu kwamba choo hakielekezwi kibla, kwamba hapana budi pawe na maji ya kujitahirishia, na kwamba mwanamke ataka sitara.

Gharama ya kuchelewa tumeilipa. Mwaka 2013 polio iliingia upande wa Dadaab, na wagonjwa 14 wakahesabiwa Kenya mwaka huo. Nayo polio husafiri kwa kinyesi kama kipindupindu. Mwezi wa Novemba 2015 kipindupindu kilizuka katika kambi za Dadaab, na watu zaidi ya 1,000 wakaugua. Mwishoni mwa mwaka 2023 mafuriko yaliingia Garissa, na mafuriko huchukua uchafu wa vichakani na kuutia majini bila kuuliza ni wa nani.

Lengo la mwaka 2013 halikutimia. Likasogezwa hadi 2020, nao mwaka huo ukapita. Lakini katika muda huo mambo mawili yalibadilika. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, ilimpa kila mtu haki ya usafi wa kiwango cha kuridhisha. Na tangu mwaka 2013 kazi kubwa ya afya imo mikononi mwa serikali za kaunti, zilizo karibu nasi.

Kwa hiyo twasema hivi. Aibu yaweza kumwamsha mtu, lakini haiwezi kuzuia mchanga usiporomoke. Palipo na ardhi ngumu, tuchimbe wenyewe tusingoje mtu. Palipo na mchanga, au maji ya karibu, tudai fedha ya umma kwa jina la haki, wala si kwa jina la sadaka. Na visimani, mahali wafugaji wote wanapokutana, vyoo vya jumuiya vijengwe kwanza. Mfugaji huhama, lakini kisima hakihami.